Daftari la kurasa 96

Nilianza kuishiwa nguvu kama tairi lenye msumari mdogo: tundu hulioni, upepo ukitoka husikii, ila ukiamka asubuhi gari limelalia upande. Ilikuwa 2021. Nilikuwa nimetimiza miaka 50, na 22 kati ya hiyo nimeimaliza barabarani, Dar mpaka Tunduma, Tunduma mpaka Ndola, mara nyingine Lubumbashi. Kitonga, ambayo nilizoea kuipanda huku napiga soga, sasa nilikuwa nafika juu nimelowa jasho kana kwamba lori nimelisukuma kwa bega. Usiku mmoja ndani ya hifadhi ya Mikumi niliamshwa na matuta. Utingo wangu alikuwa ameudaka usukani kutoka kwenye kiti chake na ananiita, "Mzee! Mzee wangu!" Hakunilaumu. Alinimiminia chai kutoka kwenye chupa, tukakaa kimya mpaka Ruaha Mbuyuni.

Na kuna lile jingine. Sisi tunasema jogoo hapandi mtungi, na tukishasema tunacheka. Wangu hapandi mtungi wala alfajiri hawiki. Mama watoto hakunitupia neno hata moja, na afadhali angenitupia. Alianza tu kuwahi kulala.

Kijiweni pale yadi siri haikai. Dereva mwenzangu akanivuta pembeni: "Wewe homoni zimeisha. Twende nikuoneshe." Akanipeleka kwenye duka moja la dawa, jina lake litabaki na mimi. Mhudumu hakuniuliza umri, hakuniuliza ninaumwa nini, hakuuliza cheti cha daktari. Alivunja shingo ya ampuli ndogo ya kioo, akavuta mafuta ya manjano hafifu, ml 1, mg 250 za testosteroni, akanichoma takoni nyuma ya pazia lenye maua. Shilingi 15,000 na kuchomwa humo humo. "Kila wiki mbili, mkubwa. Utarudi kijana." Miaka miwili baadaye ndipo nilipojua kwamba mafuta yale yalikuwa ya karanga. Mtu mwenye mzio wa karanga angeweza kumalizikia pale pale nyuma ya pazia, na yule kijana ameshatoka kumuuzia mwingine panadoli.

Nisiwe mnafiki: ilifanya kazi. Wiki ya tatu nilikuwa nabadilisha tairi peke yangu kwa kupenda. Mama watoto akaacha kuwahi kulala. Kwa miezi minane nilijiona mjanja kuliko madaktari wote wa Dar es Salaam, na wale niliokuwa nao hawakuwa wachache. Kliniki ya presha walinipa amlodipini. Kliniki ya kisukari, jengo jingine, siku nyingine, walinipa metformini. Mgongo nilikuwa nautibu mwenyewe kwa tramado nilizokuwa nanunua njiani, mbili asubuhi, mbili jioni, kwa mwaka wa tatu. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha mwili wangu, na hakuna aliyejua mwenzake ameshika kipi. Aliyejua vyote nilikuwa mimi, nami nilikuwa nimeamua kunyamaza.

Novemba 2022, kwenye foleni ya mizani ya Makambako, kichwa kikaanza kugonga kama nyundo ya fundi bodi. Makambako ni baridi, lakini mimi nilikuwa natoka jasho. Utingo akaniambia macho yangu mekundu kuliko ya mvuta bangi. Kwenye kituo cha afya walipima presha: 178 kwa 108. Wakapima wingi wa damu, mashine ikatoa 19.4. Kijana aliyekuwa zamu aliirudia, akidhani mashine imekosea. "Baba, damu yako ni nyingi mno. Unatumia dawa gani?" Nikamtajia ya presha na ya sukari. Sindano sikuitaja. Kwangu mimi sindano ile haikuwa dawa, ilikuwa siri.

Utingo aliendesha mpaka lori likapata dereva wa kulipokea. Mimi nilirudi Dar kwa basi, nimeegemea kioo.

*

Daktari aliyenipokea ni bingwa wa magonjwa ya ndani kwenye hospitali kubwa ya hapa mjini. Ni mwanamke, umri wa mdogo wangu wa mwisho, sauti ndogo, na nilipomwona nikasema moyoni hapa siongei kitu. Akaniambia nirudi kesho yake na dawa zote nilizonazo nyumbani, hata nilizoacha, hata za mama watoto kama huwa nazigusa. Nikazibeba kwenye mfuko wa kaki. Akazimwaga mezani, akazipanga kwa mstari kama mtu anayepanga karata. Amlodipini, metformini, tramado za kampuni tatu tofauti, dawa ya vidonda vya tumbo, vidonge viwili vya bluu vilivyofungwa kwenye karatasi ya gazeti. Akahesabu, akanitazama.

"Hematokriti yako ni asilimia 58, baba. Sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu tupu. Kwa mwanamume ikifika 50 tunaanza kuangalia, ikipita 54 tunasimamisha kila kitu. Hapa mezani hakuna kinachoweza kuipandisha hivyo. Mlango umefungwa. Ni sindano gani?"

Nikasema.

Hakunifokea. Aliuliza swali moja tu, na hilo ndilo lililonikata: "Kabla ya kuanza, ulipimwa homoni lini?" Sikuwahi. "Basi hatujui kama ulikuwa unaumwa. Umetibiwa miezi minane ugonjwa ambao hakuna aliyeuona."

Akanieleza kwa kifupi. Testosteroni haifanyi kazi mahali pamoja. Inaliamsha hilo tunalolitaka, lakini inaenda pia kwenye uboho na kuuambia utengeneze chembe nyekundu zaidi, na damu ikizidi uzito inaweza kuganda mahali isipotakiwa. Tramado, kama dawa nyingine za jamii ya afyuni, ikitumiwa muda mrefu inaweza kuizima homoni hiyo kutoka juu kichwani. Unene na kisukari vinaishusha. Usingizi unaokatika unaishusha. "Kwa hiyo inawezekana mgongo wako ndio uliokupeleka kwenye sindano," alisema, "na hakuna aliyeujua mgongo." Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuviunganisha.

Nilitolewa damu karibu nusu lita, na baada ya wiki mbili nikatolewa tena. Sindano ikasimama siku hiyo hiyo. Tramado zikashushwa pole pole, maana hizo hukati ghafla. Miezi mitatu ya mwanzo ya 2023 sina hamu ya kuieleza. Mwili uliokuwa umezoea kuletewa homoni kutoka nje ulikuwa umesahau kutengeneza ya kwake, nami nilikuwa nakaa barazani nalia kwa sababu mpira umerushwa juu ya ukuta na mtoto wa jirani hawezi kuufuata. Mtu wa miaka 51.

Siku ya pili ile ile ya dawa mezani ndiyo niliyotumwa daftari. Wenzangu mnajua: kwenye zahanati zetu nyingi daftari ndilo faili, unalinunua mlangoni, mhudumu anaandika, unaondoka nalo. Nami nilikuwa nayo manne, kila kliniki la kwake, moja lina hesabu za dizeli kwa nyuma. Akayaweka kando yote. "Nunua moja, kubwa." Nililinunua nje ya geti, kurasa 96, jalada lina ramani ya Afrika. Akachukua rula, akapiga mistari kurasa mbili zinazotazamana: tarehe, uzito, presha, sukari, hematokriti, PSA (kipimo cha damu cha tezi dume), testosteroni, dawa zote unazotumia leo, na safu ya mwisho akaandika *Aliyeona*. Kila daktari au nesi nitakayemfikia aandike kwenye safu zake na kuweka sahihi hiyo ya mwisho, kuonyesha kwamba ameyasoma na ya wenzake. Kisha akapiga simu mbele yangu, kwanza kliniki ya kisukari, halafu kwa bingwa wa mfumo wa mkojo, akawaambia mgonjwa huyu ni wetu sote na sindano haichomwi na mtu yeyote mpaka mistari ijae.

Mimi nimefanya kazi na makampuni yenye ofisi za ghorofa tisa ambayo hayajawahi kuwa na waraka wa mzigo uliokaa vizuri kama ukurasa ule.

*

Watu wanadhani kupimwa homoni ni kama kupimwa malaria. Nilikwenda mara ya kwanza saa tisa alasiri, nimetoka safari, nimekula wali maharage, nikarudishwa. Homoni hii hupanda alfajiri na kushuka mchana, na chakula kinaishusha, na mtu asiyelala anaonekana mgonjwa hata kama si mgonjwa. "Saa mbili asubuhi, tumbo tupu, umelala kitandani kwako, si kwenye kebini. Na tutarudia, maana kipimo kimoja hakitoshi." Elfu 45 kila kimoja.

Lakini hata hapo hatukuanza na homoni. Tulianza na kukoroma. Wataalamu wa masikio, pua na koo walinifunga waya usiku mmoja, asubuhi wakasema pumzi yangu inakatika mara 34 kwa saa. Nikaelewa Mikumi. Nikaambiwa nisiendeshe mpaka nitibiwe, na tajiri wangu akaniweka yadi kupanga magari kwa mshahara wa pungufu. Miezi minne. Mashine ya kupumulia usingizini nilinunua iliyotumika, na fundi umeme akanifungia inveta kwenye betri za lori ili niweze kulala nayo Tunduma. Madereva wenzangu waliniita rubani. Testosteroni ikiingia kwa mtu mwenye tatizo hilo kali asiyetibiwa inaweza kulizidisha, ndiyo maana daktari alikataa hata kulizungumzia suala la sindano mpaka daftari lionyeshe nalala.

Septemba 2023, tramado hakuna, kilo tisa zimetoka, sukari imetulia, tukapima testosteroni. Asubuhi ya kwanza 6.8. Wiki tatu baadaye 7.3. Kwa kipimo hicho madaktari wengi huchukua kama 10.4 kuwa mpaka wa chini. Na ile homoni inayotoka kichwani kuzihimiza korodani, LH, ilikuwa juu. Kwa lugha ya yadi: ofisi inapiga simu na kupiga simu, gari haliondoki.

"Uliwahi kuugua matubwitubwi ukiwa mkubwa?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Makutupora, JKT, 1991. Tulilala kombania nzima tumevimba mashavu, tunaitana majina. Wiki ya pili mimi nilivimba na kule chini, pande zote mbili, nikatembea kama bata siku kumi na wenzangu wakatunga wimbo. Upande mmoja ulipopona ulibaki mdogo. Nilizaa watoto wawili, wa tatu hakuja, nikasema ni riziki ya Mungu. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari za Makutupora kwa miaka 32, na mimi ningeanzaje kuzisimulia.

Kwa hiyo ugonjwa ulikuwepo kweli. Yule mhudumu wa nyuma ya pazia alibahatisha, kama saa mbovu inayopatia mara mbili kwa siku.

Kabla ya kuanza tena, bingwa wa mfumo wa mkojo alinipima tezi dume, kwa damu na kwa kidole, na kwa hilo la pili nilimwomba nesi atoke. PSA 1.9. Aliuliza ukoo, nikamtajia baba mdogo aliyefariki kwa saratani hiyo 2016, akaliandika kwa wino mwekundu kwenye jalada la ndani. Tangu 1941 inajulikana, kwa kazi ya Charles Huggins kule Chicago, kwamba saratani ya tezi dume inalishwa na homoni hii. Ukiiondoa homoni, saratani inasinyaa. Kumpa mtu testosteroni bila kuangalia hapo kwanza ni kumwaga dizeli usiku bila tochi.

Moyo nao. Daktari alinieleza utafiti mkubwa uliotoka mwaka ule ule wa 2023, wanaume zaidi ya 5,000 wa miaka 45 mpaka 80, wenye maradhi ya moyo au walio karibu nayo, nusu wakapewa testosteroni na nusu dawa bandia. Mshtuko wa moyo na kiharusi havikuzidi kwa waliopewa. "Usishangilie," akasema. "Moyo kudunda ovyo ulizidi kidogo, na damu kuganda kwenye mapafu pia. Na wao walipaka jeli kwa vipimo, hawakuchomwa nyuma ya pazia."

Huwa nayasoma haya mambo nikiwa kwenye foleni Tunduma, ambako muda haujawahi kuwa tatizo. Habari ninayoipenda ni ya jogoo, na niamini sikuitunga. Mwaka 1849, Göttingen, Ujerumani, Arnold Berthold aliwahasi majogoo sita wachanga. Wawili akawaacha hivyo: upanga wa kichwani ukasinyaa, hawakuwika, hawakupigana. Wanne aliwapandikizia korodani tumboni, bila mshipa wa fahamu wowote wa zamani, wakawika kama kawaida na kufukuza mitetea. Kwa hiyo kuna kitu kinasafiri kwenye damu. Kitu chenyewe kilipatikana 1935, Amsterdam: kilo 100 za korodani za fahali zikatoa miligramu 10. Nami kama mtu wa mizigo nilipiga hesabu. Sindano ninayochomwa sasa ina miligramu 1,000, na ukitoa uzito wa kile kilichounganishwa nayo ili idumu, homoni yenyewe ni kama 630. Hiyo ni tani sita na ushee za korodani za fahali. Fuso zima, kwa kila sindano. Siku hizi inatengenezwa kiwandani, lakini kila nikilala kifudifudi pale kliniki huwa naliona lile Fuso.

*

Nilianza Januari 2024. Hii si ile ya duka. Hii ni ml 4, nzito, imo kwenye mafuta ya nyonyo, inachomwa taratibu kama dakika mbili mpaka unajuta kuzaliwa. Baada yake nakaa nusu saa kwenye benchi, maana mara chache tone la mafuta huenda likafika kwenye mapafu na mtu akabanwa na kikohozi. Ya pili baada ya wiki 6, halafu kila wiki 12.

Kuna siku nilikasirika. Gari limeshapakiwa mbolea, nimebakiza saa tatu, nimekuja nichomwe nikimbie. Nesi akafungua daftari, akaona safu ya hematokriti ni tupu. Akalifunga.

"Sista, mimi ni yule yule wa siku zote."

"Wewe ndiye yule yule, baba. Damu ndiyo siijui."

Nikamwambia maneno ambayo baadaye nilirudi kumwomba radhi. Hakupandisha sauti. Alinipa kikombe cha maji, kisha cha pili, kwa sababu anatujua madereva: maji hatunywi ili tusisimame kujisaidia, na mtu mkavu damu yake inasoma juu kuliko ilivyo. Majibu yalitoka baada ya saa moja na nusu: 53.2. Akampigia daktari. Sikuchomwa siku hiyo. Tulirudia baada ya wiki mbili, ikawa 51, na tangu siku hiyo mwendo wangu si wiki 12, ni 14. Mbolea ilichelewa kutoka Dar, tajiri akanikata. Ukurasa huo una doa la chai, ndiyo maana naupata haraka.

*

Ila kilichonikalisha kuandika si mimi. Ni utingo wangu.

Siku ya kutia sahihi kuanza dawa, daktari aliuliza swali ambalo nililichukulia mzaha: "Bado unatafuta mtoto?" Nikamwambia dokta, mimi nina wajukuu. Hakucheka. "Nauliza kwa sababu sindano hii ni uzazi wa mpango." Akanieleza kwamba Shirika la Afya Duniani liliwahi kuijaribu testosteroni hiyo hiyo, kwa sindano za kila wiki, kama njia ya wanaume kupanga uzazi, na matokeo yakachapishwa 1990: kwa wengi mbegu zilifika sifuri. Ni habari ya yadi tena. Ofisi ikiona mzigo umejaa uwanjani haimwiti dereva. Ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu unaacha kuziita korodani, nazo zinalala, homoni na mbegu pamoja. Mwanamume yuko juu, kifua kimejaa, jogoo anawika mpaka mchana, na ndani hamna mbegu hata moja.

Nikaishika kalamu, sikuandika.

Maana 2022, nilipokuwa nabadilisha matairi kwa kupenda, kijana wangu, huyo utingo, aliniona. Alikuwa na miaka 27, ameanza kunyanyua vyuma. "Mzee, hiyo kitu inajenga mwili?" Nikamchukua kwa mkono wangu mpaka kwenye duka lile lile, na ampuli ya kwanza nikamlipia, zawadi. Mimi nilipoacha sikumwambia kwa nini, niliona haya. Yeye akaendelea. Novemba ile ile niliyoangukia Makambako ndiyo aliyooa, Morogoro, na mimi nikatoa mbuzi. Sasa ulikuwa mwaka wa pili, na nilikuwa nasikia maneno ya pembeni: mama yake anauliza mkwe huyu amekuja kula au kuzaa.

Nilimwambia Ruaha Mbuyuni. Tulikuwa tumesimama kununua vitunguu. Nilimwambia vyote, na la matubwitubwi, na la 58, na kwamba aliyempeleka ni mimi. Hakujibu. Alishuka, akachukua nondo, akaanza kugonga matairi, moja moja, akisikiliza kila moja. Yote 22. Alipomaliza alirudi dirishani.

"Mke wangu amekunywa mizizi mwaka mzima, mzee."

Nilimpeleka kwa daktari wangu, nikidhani ataingizwa kwenye daftari langu kama abiria. Alikataa. "Ana mwili wake, anunue la kwake." Februari 2024, kipimo cha kwanza cha mbegu: sifuri. Sindano ikasimama, na bingwa wa mfumo wa mkojo akampa dawa ya kuiamsha ile tezi ya kichwani. Kijana alinyong'onyea kama nilivyonyong'onyea mimi, ila safari hii kulikuwa na mtu aliyemwambia mapema kwamba atanyong'onyea, na mpaka lini. Juni: sifuri. Nilikuwa nashindwa kumtazama tukiwa kebini, nikawa namtuma maji hata kama sina kiu. Novemba waliona chache, hazihesabiki. Daktari alisema ziliwahi kuonekana chache kwa wengine zikaja kuwa nyingi, na kwa wengine huchukua zaidi ya mwaka, asubiri.

Machi 2025 nilikuwa kwenye foleni Tunduma na utingo wa kuazima, kijana wangu amebaki Dar kwa ajili ya kipimo. Saa tano asubuhi simu ikalia, picha imeingia. Ni ukurasa wa daftari, mistari imepigwa kwa rula, mwandiko wake ule wa kulalia kushoto. Milioni 4 kwa mililita. Bado ni chini. Kiwango cha chini wanachokitaja ni 16. Nikaikuza picha kwa vidole viwili mpaka safu ya mwisho, *Aliyeona*. Palikuwa na sahihi ya daktari, na chini yake jina la pili, herufi za mviringo, za mtu aliyesoma kwa masista.

Nikampigia. Akasema hilo ni jina la mkewe. Siku hizi hakuna kipimo kinachofanyika yeye hayupo.